Pikipiki ya Tadeo Inavuta Kushoto

Alhamisi, 3 Oktoba 2002
Nimetoa daftari la Sayansi la mwanangu Tabitha, la darasa la sita. Mbele kachora sehemu za ua. Nyuma kurasa kumi na nne ziko wazi. Nitazimaliza mimi. Kisomo cha watu wazima nilipewa cheti, sikuokota.

Barua yake imeletwa na kondakta. Mimba imekua, anahesabu zimebaki wiki mbili. Anataka kuja kujifungulia kwangu, hapa Mnero. Ni haki yangu! Uzao wa kwanza ni kwa mama mzazi, hata Rahel anajua. Rahel ndiye mama mkwe wake, kule Narung'ombe. Anasema barabara mbaya, mjukuu atazaliwa vumbini, bora mkwe azalie kwake. Kwake kuna nini? Mimi hospitali naiona nikiwa nafagia uwanja.

Padre kasema gari lake linakwenda Ruangwa Jumanne, dereva atapita kumchukua Tabitha. Nimeshukuru kwa mdomo. Moyo umegoma. Rahel atatangaza kwamba mwanangu kabebwa kwa sadaka. Tena Tabitha nilikwenda kumzaa nikiwa juu ya pikipiki ya baba yake, na akarudi nyumbani nayo, siku ya nne, kavaa kofia ya sufi. Tadeo wangu alikuwa katekista. Pikipiki aliachiwa na padre wa kizungu aliyerudi kwao, na ilikuwa kuukuu siku hiyohiyo. Alisema wajukuu nao watakuja nayo. Mwaka wa tano huu hayupo. Kuku wanatagia kwenye kiti cha pikipiki.

Nimewafukuza. Mayai saba! Dalili njema.

Shida ni moja. Inavuta kushoto. Toka zamani. Tadeo aliiendesha amelalia kulia, nami nilijua anachungulia wanawake wa upande ule. Tumegombana sana kwa hilo.

Jumamosi, 5 Oktoba
Shemeji Filbert, mdogo wake Tadeo, kaipeleka kwa fundi Kipriani, Nachingwea mjini. Nami nilikwenda. Ukimwachia fundi kitu peke yake unarudishiwa kingine.

Nimemwambia Kipriani nataka itulie kama kitanda. Kaniuliza, mama unasafiri au unalala? Mafundi wa stendi hawana adabu. Ila kazi kafanya. Kabadili tairi, kakaza spoku, kaweka shokapu za nyuma alizozitoa kwenye pikipiki iliyokufa. Ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele kaipima kwa uzi mara tatu. Akasema haijapinda. Nikasema imepinda, nimeipanda miaka kumi na nane. Akasema haya, akachukua nyundo akagonga kidogo. Nilimwona. Alikuwa anagonga ili nifurahi.

Halafu akataka kutupa kiti! Nikamdaka mkono. Katikati ya kile kiti pana bonde. Ni la Tadeo, kalichimba kwa kukaa tu. Nimemwambia ajaze sufi nyuma, pa Tabitha. Mbele asiguse. Filbert kajaribu kukaa, akalalamika kwamba anazama. Ndiyo, shemeji. Kaka yako alikuwa mtu.

Jumatatu, 7 Oktoba
Majaribio, uwanja wa mpira. Kipriani peke yake: imenyooka. Filbert peke yake: imenyooka. Filbert na mimi nyuma: kushoto, mpaka golini. Mara ya pili: golini. Watoto wa shule wakashangilia.

Kipriani kazunguka pikipiki, kakuna kichwa, kisha kaniangalia mimi nilivyokaa. Nimekaa upande, kama mwanamke mwenye heshima zake, miguu yote kushoto. Akasema, mama, pikipiki haiumwi. Inavutwa na wewe. Kaa katikati, mguu huku na mguu huku.

Mimi! Mjane wa katekista! Nitanue miguu barabarani na khanga yangu! Nikamwambia akamwambie mama yake hayo. Akasema mama yake ndivyo anavyokaa.

Nimerudi nyumbani. Miaka kumi na nane yule mwanaume alilalia kulia ili mimi nikae kwa heshima. Hakusema hata siku moja. Nami nikamnunia njia nzima, kwa wanawake ambao wala hakuwaona. Nimepika ugali. Nimewapa kuku.

Sasa ndiyo kabisa. Tabitha atakuja na pikipiki ya baba yake. Nimemtuma dereva wa Padre: kesho amwambie asipande gari. Asubiri, mama anakuja.

Jumanne, 8 Oktoba
Gari la Padre limerudi saa tisa. Siti ya mbele tupu. Moyo ukanipiga kidogo, nikaukemea.

Nimepata akili! Nilikuwa natoka kisimani nikamwona mzee kabeba mzega. Ndoo huku, ndoo huku, mti begani umelala sawa. Basi mimi ni ndoo ya kushoto! Filbert kafunga nusu gunia la karanga upande wa kulia. Tukapita uwanjani. Imenyooka kama rula! Nimelia. Na karanga zenyewe ni zawadi ya Rahel, ajue anapooa mwanawe wanalima.

Filbert kesho ana msiba. Tunaondoka keshokutwa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Naandikia kwenye shamba la watu.

Tumeondoka alfajiri. Raha! Sufi inanibembeleza, barabara naisikia kwa mbali. Kijiji cha kwanza nimemkuta binamu yake Tadeo. Utampitaje ndugu na gunia? Nikampa kopo mbili. Mbele yake, mama mmoja aliyelala kwangu msiba wote wa Tadeo. Kopo nne, ana watoto. Halafu wanawake watatu wenye ndoo, siwajui, ila wamesalimia vizuri, wakauliza safari ya wapi. Nikawaeleza habari za Tabitha. Wakapiga vigelegele. Vigelegele haviachwi hivihivi. Na Filbert naye, kila tukisimama, mkono uko guniani.

Kasema, shemeji, inaanza kuvuta. Nikasema endesha. Kasema, shemeji, acha kugawa. Nikasema mkono mtupu haulambwi. Akasema kwa mwendo huu hatufiki huko kulambwa.

Ikaja kona ya kulia. Pikipiki ikakataa. Tumeingia kwenye mihogo, tumevunja mashina sita. Hatukuumia. Tairi la mbele limekuwa kama yai. Mwenye shamba kaja na jembe na maneno mabaya. Nimempa karanga zote zilizobaki. Sasa anatusaidia kusukuma.

Ijumaa, 11 Oktoba
Tumefika jana jua linazama, tunakokota. Kwa mbali nikasikia vigelegele. Nikajua.

Kajifungua saa nane mchana, zahanati ya hapahapa. Wa kiume. Rahel ndiye aliyempokea mikononi. Kaniwekea kiti, kasema karibu mkwe mwenzangu, vumbi la njiani umekuja nalo lote au umewabakizia na wengine? Nikakaa. Sikuwa hata na ganda la karanga.

Tabitha hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kasema Jumanne mzigo ulishafungwa, yeye yuko mlangoni. Dereva akampa maneno yangu, akaufungua. Toka siku hiyo kila ikilia pikipiki anatoka nje. Siku tatu anatoka, anarudi. Halafu akaniuliza kama bonde la baba bado lipo kwenye kiti. Nikasema lipo, mwanangu, hakuna aliyeligusa. Tukalia wote wawili, Rahel akatuletea uji. Uji mzuri, lazima niandike ukweli.

Mtoto kapewa jina la Tadeo. Nimempakata mpaka mkono ukafa ganzi. Kalala, kageukia kulia.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimerudi. Gari la Padre ndilo lililonileta, na pikipiki nyuma, miguu juu. Padre kasema baada ya wiki tatu linakwenda tena, litawaleta mama na mtoto mpaka mlangoni kwangu. Nimeshukuru sana.

Ila nimefikiri njia nzima. Kosa lilikuwa karanga. Mtu akiona karanga, anasalimia. Mawe je? Nani amewahi kuomba jiwe? Ninalo la kusagia, la marehemu mama, zito hasa. Tabitha naye ni mwanamke wa heshima, atakaa upande, kwa hiyo mawe mawili. Kipriani anakuja kesho kunyoosha tairi. Filbert kasema yeye habebi mawe. Atabeba.

Nimechana ukurasa mmoja nikamwandikia Tabitha. Asikubali gari la Padre. Asubiri, mama anakuja.

Kofia ya sufi nimeiona sandukuni. Nimeifua. Nimeianika kwenye usukani, upande wa kulia.