Gauni la Mpwa na Mtandao wa Bure

Jumatatu, 8 Septemba
Kifurushi kimeisha. Shemeji, kaka wa mke wangu, kinyozi wa mlango wa pili, ana intaneti dukani. Kasema nikimwomba kwa adabu atanipa neno la siri. Nimwombe! Mimi, fundi wa magauni ya harusi! Thubutu. Leo nimeuona mtandao mwingine, "Kinyozi Bure", hauna kufuli. Ukataka barua pepe yangu na neno lake la siri. Nikaandika chapchap. Shemeji nimemweza!

Jumanne, 9 Septemba
Akaunti ya barua pepe imenifungia nje. Eti neno la siri si sahihi. Langu mwenyewe! Ni jina la mke wangu, nalitumia kila mahali nisije nikasahau. Vipimo vya wateja wote vimo humo, na vya mpwa wangu pia. Anaolewa Jumamosi. Kitambaa kipo mezani, mkasi haujakigusa, na dada, mama yake, nilishamwambia nimefika kwenye mikono ya gauni.

Jumatano, 10 Septemba
Dada kaja na bibi harusi kuliona gauni. Nikasema limepelekwa kupigwa pasi. Mpango: nimkumbatie mpwa kwa uchungu wa mjomba, futi nimeificha kiganjani. Kiuno nikakipata. Kwenye mabega ikaniponyoka, ikamning'inia shingoni. Mpwa akauliza mjomba ana nini leo. Dada akanikazia lile jicho ninalolijua tangu utotoni.

Alhamisi, 11 Septemba
Shemeji kaingia kanuna. Kuna tapeli kaweka mtandao wa kuigiza jina la duka lake, wateja wameibiwa akaunti. Wake ni mmoja tu, una kufuli. Akauliza ni mjinga gani anaandika neno la siri la barua pepe yake kwenye mtandao asioujua. Nikacheka sana. Watu wengine bwana!

Papo hapo dada akatokea, simu mkononi. Mbona nimemwandikia barua pepe ya kumtaka abonyeze kiungo? Hajabonyeza, Mungu mkubwa. Nikasema yote, hadi habari ya kitambaa. Hakunifokea. Alikishika kitambaa cha mwanawe akalia kimyakimya. Nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji akaichukua simu yangu, akairudisha akaunti kwa kutumia namba yangu. Akamfukuza mwizi, akaniwekea neno jipya, refu, na kufuli ya pili: tarakimu zinazotumwa kwenye simu yangu, nisimpe mtu yeyote. Vipimo vyote vimo! Nimekata gauni hapo hapo.

Jumamosi, 13 Septemba
Limemkaa! Mpwa kanikumbatia mwenyewe, bila futi. Dada kanisamehe, kasema tu nisirudie. Nirudie wapi, nimeshakuwa mjanja! Hapa ukumbini kuna mtandao, "Ukumbi Bure". Nimeingia niwarushie wateja picha. Ukataka neno la siri, nikaandika lile refu, nani atalikisia? Halafu huu si kama ule wa matapeli. Umeniomba hadi zile tarakimu za kwenye simu. Hapo ndipo nilipojua ni salama.