Malalamiko Kuhusu Junaid Kukataa Kuanguka

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.
Alhamisi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Pambano la Ngumi.

Ndugu Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, umekaa, tena umeegemea, kwani habari za watu waliosimama zimenichosha.

Mimi ni Salem Abdulla, fundi saa, mwenye duka hapa Mkunazini kwa miaka thelathini na minane. Si mgomvi. Umri wangu wote nimeandika barua mbili tu za malalamiko: moja kwa muadhini wa msikiti wetu, ambaye siku hizi anaadhini Magharibi kabla ya wakati, na ya pili kwa wenye boti ya Dar es Salaam, iliyoondoka huku saa yangu ikinionyesha nina dakika kumi kamili za kunywa chai. Wote hawajanijibu. Kwako nina matumaini.

Naandika kuhusu pambano la Jumamosi iliyopita, kati ya bingwa kutoka Bara, anayejiita Greda, na kijana wetu Junaid, mbeba mizigo wa hoteli moja ya Kendwa. Greda ameshawaangusha watu kumi na tisa. Junaid aliitwa wiki mbili kabla, baada ya mpinzani halisi kuumia bega, na maishani mwake alikuwa amepigana mara nne, mbili kati ya hizo na binamu yake. Mji mzima ulijua ataanguka. Kilichobaki barazani ni kubishana raundi gani. Mimi nilisema ya pili, na nilisema kwa sauti.

Hakuanguka. Raundi zote nane alipigwa, akashindwa kwa kila pointi iliyokuwepo ukumbini, na kengele ya mwisho ikamkuta wima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kukumbatia. Nilihesabu mwenyewe: Junaid alimkumbatia Greda mara arobaini na moja. Nimesali Idi nyingi katika mji huu na sijaona watu wakikumbatiana kiasi kile. Mwamuzi akiwatenganisha, yule anarudi tena na mikono wazi kama aliyepotezana na ndugu yake. Mara ya thelathini na kitu, Greda mwenyewe alishachoka, akaanza kumpigapiga mgongoni.

2. Viatu. Kamba ya kiatu cha kushoto ilifunguka mara tatu, na kinga ya meno ikadondoka mara mbili, mara zote wakati Greda amemweka pembeni. Najua kamba za viatu. Hazina akili ya kuchagua wakati.

3. Mbio. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za huyu hazikuishia popote, maana ulingo una kona nne na yeye alizipitia zote, kisha akaanza upya. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kona yake. Baada ya raundi ya tano kocha alimfokea, "Piga, we mtoto! Hata moja!" Naye akajibu, huku jicho limeshafumba, "Mie sikutumwa kupiga. Nimetumwa kusimama." Hilo jibu naomba ulikumbuke, nitalirudia.

4. Muda. Hapa nazungumza kama mtaalamu. Nilipima kila raundi kwa saa yangu ya mkononi, ambayo hulinganishwa na redio kila alfajiri. Kila raundi ilikatwa sekunde tatu. Sekunde tatu mara nane ni ishirini na nne, na katika sekunde ishirini na nne Greda humwangusha mtu, akamnyanyua, akamuuliza hali. Saa ya mpiga kengele wenu ni mbovu, Ndugu Mwenyekiti. Natamka rasmi kwamba fundi yeyote aliyeigusa hajui kazi, na namtaka atajwe hadharani na anyang'anywe bisibisi.

5. Madhara kwa jamii. Baraza letu limegawika. Upande mmoja unasema yule ni mwoga. Upande wa pili, unaoongozwa na Muhiddin muuza kahawa, unasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mama yake Junaid hakulia. Tangu Jumapili tunakaa kwa zamu, wao asubuhi, sisi alasiri. Na ugonjwa unaenea. Timu ya mpira ya mtaa wetu ilifungwa tisa bila, ikazunguka uwanja ikishangilia kuwa imemaliza dakika tisini. Kijana wa jirani kapata sifuri ya hesabu, anasema lakini hakutoka chumba cha mtihani. Mheshimiwa Mwakilishi wetu, ambaye miaka mitano hajafumbua mdomo barazani kwao ila kwa kupiga miayo, amepita juzi akitupungia mkono, anasema naye amemaliza raundi zake zote na anaomba nyengine. Watu wakampigia makofi! Je, tunajenga nchi ya namna gani, ambayo kutokuanguka ni kazi ya kutosha?

6. Hili nilitaka kuliacha, lakini barua isiyo na ukweli haifiki.

Nina binti mmoja, Shadya. Tangu mama yake atangulie mbele ya haki, duka ni mimi na yeye. Ndiye anayenisomea namba ndogo na kunitafutia skrubu zinazodondoka. Mwaka jana Junaid alituma mtu kuulizia posa, nikasema binti bado. Akatuma tena, nikasema nasafiri. Mara ya tatu alikuja mwenyewe barazani, siku ile habari za pambano zilipotoka. Akaniamkia, "Shikamoo, Mzee Salem." Watu wote wananitazama. Nami, kwa kutaka kuchekesha, nikamwambia, "Marahaba. Ukimaliza raundi nane na Greda ukiwa wima, walete wazee wako Ijumaa baada ya Alasiri. Ntapokea posa."

Walicheka wote ila wawili. Junaid alisema, "Inshallah, mzee," akaondoka. Na Muhiddin akagonganisha vikombe vyake mara mbili, ambayo kwetu maana yake ni kuwa neno limeshasikika na halirudi. Laiti ningesema ashinde! Lakini nilisema asimame, kwa sababu hata kusimama nilikuona muhali. Aliyemtuma kusimama ni mimi; ulimi umeniponza.

Ndugu Mwenyekiti, Ijumaa ni kesho.

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu:

(a) Izirudishe zile sekunde ishirini na nne, na zipiganwe kesho saa nane mchana, kabla ya Alasiri.

(b) Ikishindikana, itangaze kuwa mtu aliyeshikilia mwenziwe mara arobaini na moja hakusimama bali alitundikwa, sawa na kanzu ukutani.

(c) Ikishindikana na hilo, aandikwe ameanguka, kwa maandishi tu, na karatasi iletwe kwangu. Junaid mwenyewe haina haja kuambiwa.

Usinielewe vibaya. Kijana ana adabu. Lakini mimi ni baba, na nauliza: mtu ambaye shabaha yake yote ni kufika mwisho bila kuanguka, atamtetea vipi binti yangu dunia ikimjia na ngumi? Na mimi nani atanisomea namba ndogo? Swali la pili lisiingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mwamuzi, daktari wa ulingoni, na bibi aliyekuwa akiuza mbatata za urojo mlangoni. Mpe salamu na Greda, mwambie mabega yapone, yamebeba mengi. Mpiga kengele msalimie pia, ila kwa ufupi.

Wako katika kutafuta haki,

Salem Abdulla,
Fundi Saa.

Tanbihi, Jumamosi. Barua hii ilichelewa, na naituma kwa kuwa nimeiandika mara tatu na stempu imeshabandikwa. Tafadhali isomeni, kisha msiifanyie kazi.

Alhamisi usiku nilimpa Shadya anitazamie makosa. Alisoma mpaka nukta ya nne, akaiweka chini. Akanivua saa mkononi, akailaza kando ya simu yake, tukazitazama pamoja dakika tatu, kipimo cha raundi moja. Saa yangu ilibaki nyuma sekunde tatu. Nikasema tupime tena. Tukapima tena.

"Baba," akasema, "saa ya kamati waliileta hapa dukani mwezi wa Rajabu. Niliitengeneza mie, we ulikuwa umelala kitini. Haijakosea."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia kuwa yangu inachelewa. Akasema, "N'naona haya. Sikutaka ujue kuwa n'najua huoni."

Akaifungua mbele yangu. Kulikuwa na unywele wa vumbi kwenye springi, ameuona kwa macho matupu, mimi hata kwa lenzi sikuuona. Robo saa akawa ameshamaliza. Kwa hiyo fundi niliyetaka anyang'anywe bisibisi ni mwanangu, na ndiye fundi bora katika mji huu. Muadhini wetu nimeshamwomba radhi. Wenye boti nitawaandikia.

Wazee walifika na Junaid Ijumaa baada ya Alasiri, dakika ileile. Mimi nilifanya nilivyoweza. Niliomba maji mara mbili. Nilishuka chini kufunga ukanda wa kiatu. Nilizungumzia mvua, karafuu, na bei ya samaki, nikauzunguka ukumbi wa nyumba yangu kona zote nne. Shadya alikuwa nyuma ya pazia, na namjua, alikuwa akihesabu. Mwisho nikaishiwa na pa kukimbilia, nikamuuliza Junaid kama mke wake ataruhusiwa kuendelea kukaa dukani. Jicho lake bado limevimba. Akasema, "Mzee, nlipigwa raundi nane kwa ajili yake. Leo nkamtoe kwenye kazi anayoipenda?"

Posa nimeipokea. Matokeo yenu yabaki kama yalivyo.

Wakati wa kuagana kijana alinikumbatia, kwa kawaida yake. Hiyo ni ya arobaini na mbili, nanyi mnaweza kuiandika. Safari hii hakukuwa na mwamuzi, na aliyechelewa kuachia ni mimi.