Maporomoko na Magoti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Magoti yameamka kabla yangu. Mimi nimestaafu ualimu, baridi yabisi bado iko kazini. Nimemeza vidonge, nikasoma kitandani kurasa arobaini kuhusu maporomoko ya maji. Miaka thelathini na moja nimefundisha jiografia, sijawahi kuona maporomoko zaidi ya bomba lililopasuka! Jirani yangu, ambaye wanafunzi walimbandika jina Pembe Tatu kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu shuleni kwetu, anadai ameyaona mara mbili. Ananikera! Basi, nakwenda. Kikwazo ni daktari. Mpango: keshokutwa naingia kliniki bila mkongojo, mwendo wa msichana.

Jumatano, 5 Juni
Nimeingia. Hatua sita safi kabisa. Ya saba nimejikuta nimeketi mapajani mwa mzee aliyekuwa akisubiri sindano. Kasema si neno, ila kofia yake nimeikalia.
Kwa daktari nikalipuka, nikamwambia nimechoka kufungiwa ndani. Akashangaa.
"Mwalimu, nani alikukataza kusafiri?"
"Wewe!"
"Mimi nilikukataza kupanda juu ya kiti kutafuta vitabu."
Kumbe! Miaka miwili nimejifungia mwenyewe. Sikuwahi kuuliza. Kasema nimeze dawa kwa wakati, nipumzike njiani, nisibebe kitu kizito.

Ijumaa, 7 Juni
Binti yangu kakubali, kwa sharti nisiende peke yangu. Na aliyepatikana ni nani? Pembe Tatu! Nimenuna mpaka saa saba. Binti kanifungashia sanduku vizuri sana. Alipogeuka nikatoa sweta zote mbili, nikatia vitabu vitano. Mimi sibebi kizito. Atabeba Pembe Tatu.

Jumapili, 9 Juni
Jana kutwa nzima kwenye treni. Vitabu viwili vimekwisha. Pembe Tatu akitweta na sanduku, akauliza kama nimepakia matofali. Nikasema sweta. Saa moja baadaye natetemeka kwa baridi, bila sweta hata moja. Akavua koti lake, akanifunika, wala hakuuliza kitu. Nikaona haya. Kidogo.
Leo maporomoko. Mungu wangu! Nimeyachora ubaoni mara ngapi, na mishale yake yote, kumbe nilikuwa nachora maji bubu. Yananguruma mpaka kifuani! Miwani ikalowa, sikuifuta. Pembe Tatu naye kaduwaa, mdomo wazi. Nikamuuliza kama yamebadilika sana tangu aje mara ya mwisho. Akakohoa.
"Mwalimu mwenzangu, kusema kweli sijawahi kufika."
Mara ya kwanza alichelewa treni. Mara ya pili alikosea kuhesabu siku, akaenda stesheni kesho yake. Mwalimu wa hesabu! Nimecheka mpaka nikashika uzio, naye akacheka. Tumekaa kwenye benchi tukimenya machungwa mpaka mlinzi akaja kufunga geti.

Jumanne, 11 Juni
Nyumbani. Vidole vimevimba kama ndizi. Vidonge vya Jumapili nilivisahau, na kupumzika nako nilikusahau. Binti kauliza, nimemwambia nilipumzika sana. Pembe Tatu alikuwepo, akatazama dari. Mtu mwema kumbe! Nimemwazima kitabu cha volkano. Kasema ipo moja ambayo watu hufika karibu kabisa na mdomo wake.
Alhamisi nina miadi na daktari. Nimwombe ruhusa na kumwonyesha vidole? Thubutu! Nitavaa glavu. Akiuliza, nitasema ni mtindo.