Msiba Hauhitaji Kibali

Habari iliingia Biharamulo juu ya lori la chumvi, pamoja na kasha la vitabu, ikashuka barazani kwa Mzee Hasani Birika kabla ya chumvi yenyewe. Amri, ambaye wanywa kahawa walimwita Gazeti kwa kuwa hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kusomwa kwa sauti, alipanda juu ya benchi akaikunjua.

"Sikilizeni, enyi walipa kodi! 'Chapa ya Nyundo, Bukoba. Si ya misheni, si ya serikali, si ya tajiri. Vitabu vipya: *Kahawa Yetu, Bei ya Nani?* Kimetoka. *Maswali ya Mtu Mwenye Jembe*. Kimetoka. Na *Mgongo Wangu*, mashairi ya Yahaya wa Biharamulo. Mtunzi mwenyewe atawasomea wasomaji wake Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, barazani kwa Hasani.'"

"Kwangu?" Mzee Hasani akatua birika. "Nani kaniuliza?"

"Uliulizwa, Mzee. Ukasema 'haya'."

"Nilisema 'haya' ili unyamaze!"

"Hiyo chapa ina watu wangapi?" aliuliza Nyandwi, mkulima wa Ngara aliyeshuka na ngozi za kuuza na sasa alikuwa na kikombe cha tatu. Walimwita Katekista, ingawa hajapata kumfundisha mtu sala, kwa sababu tu alikuwa Mkatoliki peke yake pale barazani.

"Watatu. Mmoja kafukuzwa misheni. Mmoja kafukuzwa ukarani."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu bado. Ndiye anayeendesha mashine."

Yahaya mwenyewe alikaa pembeni, macho yamenasa kwenye jina lake. Jina la mtoto wa Biharamulo, limepigwa chapa kama jina la mfalme! Ushairi hakufundishwa na mtu. Aliuokota katika maulidi, wenzake wakila pilau yeye akihesabu silabi za kasida kwa vidole. Ndiyo maana walimwita Mizani, na ndiyo maana aliwahi kutoka katika harusi ya binamu yake mwenyewe kwa sababu mwimbaji alikosea vina. Bibi harusi hajamsamehe mpaka leo.

"Tatizo ni moja," alisema Amri, akashuka kwenye benchi. "Nimetoka bomani. Nimemwuliza karani. Mkutano, kibali. Ngoma, kibali. Harusi ikiwa na tarumbeta, kibali. Na kibali cha kusoma vitabu vya Nyundo hakitolewi. Nikamwuliza, 'Bwana, kuna jambo watu weusi wanaloruhusiwa kulifanya kwa pamoja bila kibali?' Akafikiri sana. Akasema, 'Kufa.'"

"Na vitabu?" aliuliza Yahaya.

"Dereva kasema, kama havikusomewa watu Ijumaa, Jumamosi anavirudisha na kasha lake Bukoba. Nyundo hawana nguvu ya kuhifadhi kisichosomwa."

Yahaya akaliona jina lake likirudi Bukoba chini ya ngozi mbichi, halijatamkwa na mtu.

Nyandwi akapuliza kahawa yake. "Basi afe."

"Nani?"

"Mtunzi. Si mmesema kufa hakuna kibali? Afe Alhamisi, Ijumaa tufanye matanga. Vitabu ni wasia wake. Wasia husomwa."

"Katekista!" Mzee Hasani aliruka. "Wewe mtu wa sala!"

"Ndiyo maana najua misiba, Mzee."

Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la gunia, Bi Kuluthumu, mke wa Hasani na shangazi wa Yahaya, alikuwa hajapitwa na neno. Akatoa kichwa. "Mnamwita Ziraili mtoa roho kwa mzaha, na mtoto wa watu yu mzima? Maharage nitapika. Lakini neno 'kafa' halitoki kinywani mwangu. Mtu akiniuliza, nitasema 'ndiyo hivyo tena'."

"Na nani atasoma?" alidakia Yahaya. "Maiti hasomi."

"Mimi," alisema Amri, kifua mbele.

"Wewe? Wewe unayesoma shairi kama unasoma bei ya mafuta ya taa?"

"Sema leo, ndugu. Ijumaa utakuwa marehemu, na marehemu hana ubishi."

Yahaya alilitazama kasha. Akameza kiburi, kikashuka kwa shida kama mwiba wa sato. "Usiongeze, usipunguze. Kila kipande mizani nane. Ukiniharibia, Amri, nitafia kweli juu yako."

Ijumaa watu walijaa mpaka barabarani. Walitoka Nyamahanga, walitoka Nemba, maana shairi huita wachache lakini maharage ya matanga huita tarafa nzima. Waliojua siri walilia kwa kicheko kilichowazidi. Wasiojua walilia kwa adabu. Amri aligawa vitabu, akawafunza wote kibwagizo cha kuitikia. Yahaya aliketi nyuma ya pazia katikati ya wanawake, kaniki ya shangazi yake gubigubi kichwani, akisikiliza sifa zake.

"Alikuwa kijana mzuri."

"Mzuri, ila majivuno."

"Marehemu yule! Ukimpa shikamoo anakuambia umeitoa vibaya."

"Mungu amsamehe. Huko aliko sasa anawarekebisha malaika."

Yahaya alivuta pumzi ajibu. Bi Kuluthumu akamfinya paja.

Hapo ndipo alipotokea Bernardo, tarishi wa boma, tarbushi nyekundu, vifungo vinang'aa. Alikuwa amehamishwa karibuni kutoka Ngara, hajui sura za mji.

"Msiba wa nani?"

"Ndiyo hivyo tena," sauti ya Bi Kuluthumu ilitoka nyuma ya pazia.

"Wa mtunzi," Amri alisema, jasho likimchuruzika. "Vitabu hivi ni wasia wake. Aliomba asomewe."

Bernardo aliangalia kasha, akaangalia sufuria la maharage, akaketi. Mzee Hasani akamtilia kahawa. "Haya," alisema tarishi. "Usomeni, nami nisikie."

Amri akaanza, na haki yake apewe, alianza vizuri:

"*Barabara ya bomani, ni mgongo wangu mimi,*
*Jua kali utosini, nachimba wala sihemi…*"

Baraza zima liliguna. Hakuna mwanamume pale ambaye hakuitwa kuichimba barabara ile. Nyuma ya pazia Yahaya alifumba macho. Vidole vyake vilihesabu nane, na nane, na nane, na nane, na kifua chake kikapanuka mpaka kaniki ikapanda. Ukaja mstari wa tatu. Amri akainua macho, akaviona vifungo vya tarishi.

"*Bwana Mkubwa yuko kivulini, akiniona hunisalimu…*"

Vidole vya Yahaya vikamwishia kabla kipande cha kwanza hakijakwisha. Akatafuta kidole kingine, hakuna. Pazia likang'oka na msumari wake.

"*Hasemi!*" alinguruma, kaniki ikiwa bado kichwani. "*Bwana yuko kivulini, akiniona hasemi!* Nane kwa nane! Huyo 'Mkubwa' umemtoa wapi, Amri? Na kusalimu umekutoa wapi? Nimechimba pale msimu mzima, hajanisalimu hata siku moja!"

Bernardo aliinua kidole polepole. "Mwanamke huyu ni nani?"

"Ndiyo hivyo tena," alisema Bi Kuluthumu.

"Ni mimi mtunzi," alisema Yahaya.

Tarishi akaweka kikombe chini, taratibu, kama mtu aliyekuta jambo lisilomo katika maagizo yake. "Kufa, nakubali, hakuna kibali. Sasa kufufuka? Kibali kiko wapi?"

Amri alijificha nyuma ya kitabu. Mzee Hasani aliangalia birika kana kwamba jibu limo ndani. Aliyesema ni Nyandwi, na hata hakusimama.

"Bernardo, mimi na wewe tumebatizwa kwa maji mamoja kule kwetu. Tunaye mmoja aliyefufuka bila kibali. Kaburi lake lilipigwa lakiri ya serikali, na askari mlangoni. Si kweli?"

"Ego," alikubali Bernardo kwa lugha ya nyumbani, kabla hajajizuia.

"Wale askari wako wapi leo? Na ile serikali?"

Bernardo aligeuza shingo, akaitazama bendera kilimani juu ya boma. Akainua kikombe akanywa, ingawa kilikuwa kimekwisha.

"Mimi nimetumwa nilete mtu au kitu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kitu kinatosha. Nitachukua kitabu kimoja. Nitasema nimekuta msiba, na marehemu abaki marehemu. Karani wa kodi atamsomea Bwana wa boma."

Baraza lilipumua. Amri alimshika tarishi mikono yote miwili. Bi Kuluthumu alikuwa ameshamvuta Yahaya kwa upindo wa kaniki, akimrudisha gizani.

"Karani wa kodi?" Yahaya alikwama mlangoni. "Anasomaje?"

"Kama anavyosoma kodi," alisema Bernardo.

Yahaya akavua kaniki. Akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Yahaya, mwanangu, kaa! Umeshakufa, umepona!"

"Shangazi, Bwana yule ataisikia beti hii mara moja tu maishani mwake. Haitamfikia imepinda." Akamgeukia tarishi. "Twende. Kitabu nitakishika mwenyewe."

Wakaondoka, tarishi mbele, marehemu nyuma, wakaishika ile barabara ya bomani. Hawakufika mbali kabla sauti ya Yahaya haijapanda, mizani imetimia, kila silabi imekaa mahali pake. Alipofika kwenye kibwagizo alisita kidogo, kama mshairi anavyosita akijua ana watu.

"*Njia niliyoichimba…*"

"*…nakatazwa kuipita!*" lilijibu baraza zima, na waliokuwa barabarani, na wanawake ndani, na wale wa maharage tu.

Mzee Hasani akafunika birika haraka. "Tawanyikeni!" alipiga kelele. "Tawanyikeni, jamani, kila mtu na kitabu chake! Msiba umekwisha, sasa huu ni mkutano!"