Ombi la Kurudishiwa Chafya Zangu

Kwa Daktari wa Pua, Masikio na Koo,
Mlango wa tatu, ukishapita mizani.

Ndugu Daktari,

YAH: KUPONA BILA KUELEZWA ATHARI ZAKE

Natumaini hujambo, na wagonjwa wako hawajambo, ingawa wakiwa hawajambo wote utakosa kazi. Mimi ni yule karani wa masjala uliyemwambia kwamba hana mafua wala hakurogwa, bali ana mzio wa vumbi, na mashimo ya hewa kwenye mifupa ya uso wake yamevimba. Ulinipa dawa ya kupuliza puani kila siku. Ukanifundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Ukanikataza yale matone ya dukani niliyoyatumia miaka nenda miaka rudi, kumbe ndiyo yaliyozidi kunizibia. Nimetii kila neno, na baada ya wiki tatu nikapona. Ndipo matatizo yalipoanza.

1. Panya wa masjala yetu wamekula tarehe kwenye mafaili mengi, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu. Mkuu wa ofisi ananisogezea faili puani. Chafya moja, libaki rafuni. Mbili, liende stoo. Tatu, lichomwe. Miaka kumi na tisa hatukuhitaji hata kikao kimoja. Sasa mafaili yanapita kimyakimya. Wiki iliyopita mkuu alinishikia faili moja puani robo saa nzima, akalikung'uta, kisha akaniuliza kwa upole kama nina kinyongo naye. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nirudi katika hali yangu, la sivyo atatafuta mtu mwenye sifa.

2. Mama watoto aliniona mume asiyechagua chakula. Juzi nilitaja, kwa nia njema kabisa, kwamba maharage yameungua. Akaweka mwiko chini. Akanieleza kwamba yamekuwa yakiungua tangu tuoane, na kwamba siku zote nilikuwa nikiomba niongezewe. Tangu siku hiyo napika mwenyewe.

3. Zamani nikiinama uso ulikuwa unauma kama umegongwa nyundo, hivyo nilisamehewa kudeki. Sasa nainama vizuri sana, na nyumba nzima imeona. Isitoshe, uliagiza shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Hukuandika nani afue, na mke wangu akalijaza pengo hilo kwa jina langu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kwenye misiba macho yangu yalikuwa yakitiririka tangu getini, kwa sababu ya vumbi la mikeka, na ukoo ukaniona mtu mwenye huruma kuliko wote. Wakanifanya msuluhishi wao. Mwezi jana tulimzika baba mkubwa, aliyenilea, nami nilimpenda kweli. Macho yakabaki makavu. Shangazi akasema mbele ya watu kwamba nimeanza kuringa, na usuluhishi amepewa binamu yangu, ambaye hasemeshani na nusu ya ukoo.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi na chafya zangu tulishajuana. Naomba basi uniandikie vumbi, vijiko viwili kutwa mara tatu. Kama taratibu zenu haziruhusu kumrudishia mtu ugonjwa wake, niazime wa mgonjwa mwingine asiyeuhitaji.

Nisalimie muuguzi wa mizani, mpokezi, mzee anayefagia korido, na wote walioko kwenye benchi wakisubiri kuharibiwa maisha kama mimi.

Wako mwenye pua wazi,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha nilipomsikia kitindamimba wetu, binti wa miaka saba, akipiga chafya mfululizo. Macho yamemwiva, pua imeziba, na sasa amelala kwenye kochi mdomo wazi. Kabla ya kulala aliniuliza kama hivi ndivyo nilivyokuwa nikijisikia siku zote. Nimekaa karibu yake nasikiliza anavyopumua. Kesho mkifungua mtatukuta mlangoni. Tafadhali Daktari, mtibu kwa dawa inayofaa umri wake, mpaka apone kabisa, na karani yeyote akikuletea barua ya kukushauri vingine, mtoe nje.