Elfu Kumi Bila Kumwaga

Jumatatu, 8 Julai 1996

Baridi kali. Hilda yuko kwa mama yake Litembo tangu juzi. Leo ametuma ujumbe. Mchwa wameingia kwenye nguzo za jiko jipya la mama mkwe. Tangu Pasaka nilimwahidi mama mkwe oili chafu ya kupaka nguzo hizo. Hilda anasema harudi nyumbani mpaka nguzo zipakwe. Nyumba imekuwa kimya mno. Chai ninayojipikia hainyweki.

Mtu mwingine angemwaga oili ya pikapu yake, akaipeleka Litembo, akarudi na mke. Mimi nafikiri mbele. Oili iliyomo niliinunua Pasaka hiyo hiyo, dukani kwa Valeria. Ni hii ya kisasa, inayoingia tangu wafanyabiashara waruhusiwe kuleta wanachotaka. Kwenye dumu imeandikwa kilomita elfu kumi. Zamani tulikuwa na oili moja tu, ya pipa, tukimwaga kila elfu tatu bila kuuliza. Safari zangu za kushusha kabichi Mbamba Bay na kupandisha dagaa hazijafika hata elfu nne. Nimwage oili ambayo haijafika nusu, kwa ajili ya mchwa?

Hapana. Itatafutwa oili chafu ya mtu mwingine.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa jirani yangu Othmar, dereva mstaafu wa lori la misheni. Huyu humwaga oili ya Landrova yake kwa tarehe, kama mgonjwa anayemeza vidonge. Siku hiyo watu hupanga foleni na makopo. Nikamwambia nataka kidogo ya kumpaka mbwa mwenye ukurutu. Akauliza mbwa yupi. Sina mbwa. Nikasema natarajia kupata mmoja. Akanipa chupa moja ya soda, ndiyo iliyokuwa imebaki.

Kisha, bila kuombwa, akaja kufungua boneti yangu na kuchomoa kijiti cha kupimia. Oili nyeusi tii. Akatikisa kichwa. Naichukia tabia yake ya kusikitikia vitu vya watu.

Jumatano, 10 Julai

Oili nyeusi ndani ya miezi mitatu! Nimekwenda kumwambia Valeria kwamba aliniuzia feki. Hakutikisika. Akasema inakuwa nyeusi kwa sababu inasafisha. Pikapu yangu ni ya mwaka 1974, ina uchafu wa oili za pipa wa miaka yote hiyo, na hii ya kisasa inaubandua na kuubeba. Ndiyo maana kwa gari kuukuu ile ya kwanza humwagwa mapema, kwenye elfu moja, na filta ikabadilishwa, ili uchafu utoke. Baada ya hapo ni kila elfu tatu au miezi minne, kinachotangulia. Elfu kumi ni ya gari jipya linalotembea kwenye lami. Akaniuliza lami ya kwenda Mbamba Bay nimeiona wapi. Akasema yote haya aliniambia siku ile ninanunua.

Nimeshika jambo moja la maana: nyeusi maana yake inafanya kazi. Anayefanya kazi haachishwi. Mimi chama cha ushirika kiliniachisha nikiwa na kalamu mkononi, na bado inaniuma. Sitaifanyia oili hivyo.

Alhamisi, 11 Julai

Nimebuni. Debe la maji, masizi ya jikoni, sabuni kidogo. Juu yake nikamimina chupa ya Othmar. Oili ikatanda juu yote, nyeusi, inang'aa. Hata mimi ningedanganyika.

Nikapanda nalo hadi Litembo. Mama mkwe, Mama Kunigunda, nikamwamkia shikamoo kwa kuinama kabisa. Akaitikia marahaba, akashukuru, akachukua kijiti akakoroga. Akakitoa. Kilikuwa kinatoa povu. Akauliza kwa upole kama hii ni ya kupaka au ya kufulia. Hilda alikuwa mlangoni. Nilitaka aseme neno, hata la ukali. Aliingia ndani.

Ijumaa, 12 Julai

Jana wakati wa kurudi taa nyekundu ya oili iliwaka. Inasumbua macho. Nimeibandika plasta ya kidonda. Injini nayo inagonga kidogo, hasa kwenye mlima. Itakuwa ni baridi.

Habari mbaya zaidi: Othmar amesikia habari za jiko. Jumapili anamwaga oili yake kabla ya wakati ili ampelekee mama mkwe debe zima. Mama mkwe wangu! Hilda atarudi kwa hisani ya Othmar, na mji mzima utajua. Lazima nifike kabla yake, nimbembeleze Hilda mwenyewe.

Jumapili, 14 Julai

Misa ya kwanza, kisha Litembo mbio. Kugonga kukazidi. Kwenye mlima wa mwisho, nyumba ya mama mkwe ikionekana, injini ikapiga kelele moja na kunyamaza.

Othmar akafika na debe lake. Akavua koti la kanisani, akaingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia. Halikutoka hata tone. Ikabidi ashushe sampu nzima, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Ndani kulikuwa na uji mweusi mzito, akauchota kwa kijiko. Akasema uchafu uliobanduliwa ndio ulioziba njia.

Mama mkwe akachovya kidole. Akasema hajawahi kuona oili chafu inayoshika mti namna hii. Nguzo zikapakwa pale pale. Debe la Othmar limerudi lilivyo! Ushindi wangu.

Hilda amerudi. Alikaa mbele kwenye Landrova ya Othmar. Mimi nilikuwa nyuma kwenye pikapu, navutwa kwa kamba, nakula vumbi. Lakini amerudi, na nimefurahi mpaka nikashindwa kula.

Jumatano, 31 Julai

Injini imefunguliwa na kufungwa. Beringi mpya, filta mpya, oili ile ile ya kisasa. Hilda alinitaka niseme mbele ya Othmar: kwanza elfu moja, kisha kila elfu tatu au miezi minne. Nikasema. Akaongeza kwamba akienda tena kwa mama yake kwa sababu ya gari hili, hatarudi.

Leo nimetulia na kalamu. Beringi ni mpya, kwa hiyo injini ni mpya, na injini mpya ni elfu kumi. Miezi minne nayo ni ya gari linalotembea. Usiku halitembei, kwa hiyo ni minane. Jumapili halitembei. Masika barabara ya ziwani haipitiki. Nimefika mwaka na nusu, na sikukuu bado sijazigusa.

Nimemsomea Hilda hesabu yote. Ameingia chumbani, namsikia anakunja nguo. Ni vizuri, kabati lile lilihitaji kupangwa.