Siku Soriasisi Ilipofutwa Mkoani Kivijoki

Jumatatu ya pili ya Februari, saa tatu kamili asubuhi, Ofisi ya Mkoa ya Uhakiki wa Ngozi na Viungo ilitangaza rasmi kwamba ugonjwa wa soriasisi umekwisha katika mkoa wote wa Kivijoki. Haukupungua. Haukudhibitiwa. Umekwisha. Wagonjwa wote mia mbili na kumi na wawili waliokuwa wakichoma sindano ya kibayolojia walipimwa mwili mzima, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na baka. Asiye na baka si mgonjwa. Asiye mgonjwa hahitaji dawa. Kwa hiyo sindano zote zilisitishwa siku hiyo hiyo, na watumishi wakakaribishwa kahawa na mikate ya mdalasini katika ukumbi wa ghorofa ya pili.

Irja Tolvanen, kinyozi wa Mtaa wa Reli, alipata barua yake Jumatano. Ilianza kwa neno "Hongera". Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akafungua friji. Rafu ya kati, nyuma ya chupa ya samaki wa siki, palikuwa na sindano moja tu.

Irja alijua vizuri alichokuwa anapoteza. Miaka saba nyuma viwiko na magoti yake yalikuwa mekundu, yenye magamba meupe yaliyopukutika kila alipokaa. Vidole vilivimba hata asiweze kufunga kifungo cha koti. Wafini ni watu wasiosema kitu, lakini hata Mfini akiona mkono wa magamba unamjia shingoni na wembe, huinuka na kuondoka. Duka lilifungwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Muuguzi aliyemfundisha kujichoma alimweleza mambo kwa lugha ya kueleweka. "Kinga ya mwili wako imechanganyikiwa, dada. Inapiga kengele ya moto wakati hakuna moto. Ngozi ambayo ingeota kwa mwezi inaota kwa siku nne, na viungo navyo vinavimba. Hii dawa haizimi moto, maana moto wenyewe haupo. Inashika ulimi wa kengele tu. Ukiiachia, kengele italia tena."

"Kwa nini isiwe kidonge?"

"Ni protini, hutengenezwa ndani ya chembe hai. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama yai. Iweke kwenye friji, ila isigande. Itoe nusu saa kabla ya kuchoma, usiitikise. Leo paja la kulia, baada ya wiki nne la kushoto. Na ukipata homa, nipigie kwanza, kwa sababu anayeshika kengele ya uongo anaweza akaishika na ya kweli."

Irja alizingatia yote. Baada ya miezi mitatu alishika mkasi, na hakuuweka chini tena. Sasa mkasi huo ulikuwa mikononi mwa Ofisi.

Alhamisi aliifuata Ofisi yenyewe. Alipokelewa na Jouko, karani wa mapokezi, mwanamume mpole ambaye ndevu zake Irja alikuwa amezichonga wiki iliyotangulia.

"Jouko, nyie mmerukwa na akili?"

"Hongera kwanza, Irja."

"Hongera ya nini? Ngozi yangu ni safi kwa sababu ya sindano! Mkiichukua, mabaka yanarudi."

"Yakirudi, njoo tupime. Kiganja chako kimoja ni asilimia moja ya ngozi yako. Mabaka yakifika viganja kumi, tunakufungulia jalada."

"Halafu mnanipa sindano."

Jouko alilamba kidole, akafunua kurasa. "Halafu tunaangalia historia. Historia itaonyesha umetumia sindano miaka saba na bado una viganja kumi. Kifungu cha saba kinasema dawa isiyomsaidia mgonjwa isitishwe."

"Ngoja kidogo. Nikiwa sina mabaka, sipewi kwa kuwa nimepona."

"Ndiyo."

"Nikiwa nayo, sipewi kwa kuwa haikunisaidia."

"Sasa umeelewa," Jouko alisema kwa furaha ya kweli, kwa sababu ni wananchi wachache wanaoelewa siku ya kwanza.

"Na vidole vyangu je?"

"Vidole vinashughulikiwa na dawati la viungo."

"Liko wapi?"

"Ni hapa hapa, ila Jumanne."

Hata hivyo Ofisi haikuwa na roho mbaya. Rufaa ziliruhusiwa. Zingepokelewa kuanzia tarehe mbili Mei, baada ya sikukuu ya Mei Mosi, na zingeshughulikiwa kwa utu. Neno hilo, utu, lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe, Raili Vuorenmaa-Hietakangas. Ni yeye aliyeandika kanuni iliyosifiwa hadi gazetini: binadamu akimnyima binadamu mwenzake dawa, atie saini kwa mkono wake mwenyewe, jina kamili, nakala tatu, bila muhuri wala mashine. Na rufaa isiyojibiwa kwa siku thelathini ihesabiwe kuwa imekubaliwa, ili mwananchi asisubirishwe. Mtu mwenye dhamiri huyo. Alikuwa amefuta hata cheo cha naibu wake, ili dhamana yote ibaki juu ya bega lake.

Ijumaa hiyo Irja alishuka sauna, chumba cha mvuke cha jengo lao. Zamu ya wanawake ilikuwa saa kumi hadi saa kumi na mbili. Juu kabisa, kwenye benchi la joto kali, alikaa Bibi Lempi, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye hakuna aliyemchagua kushika upawa wa maji wala aliyethubutu kumnyang'anya. Chini yake, uchi kama wengine, alikaa Mkurugenzi Raili, mpangaji wa ghorofa ya nne. Cheo chake kilibaki nje, kwenye msumari, pamoja na taulo. Humo ndani watu huitana kwa majina na hawazungumzi kazi.

Irja alipanga kutozungumza kazi. Lakini kinyozi hutazama vichwa hata asipotaka. Nyuma ya sikio la Raili, pale nywele zinapoanzia, aliona alama hafifu ya waridi, ile inayobaki mahali ambapo baka liliwahi kuishi. Akatazama paja. Kulikuwa na kidoti cha sindano, kipya.

"Raili, una muda gani na sindano?"

Raili hakugeuka. "Miaka mitano."

"Na ulipopima watu mia mbili na kumi na wawili, ulijipima?"

Bibi Lempi alimwaga upawa mzima kwenye mawe ya moto na mvuke ukawafunika.

"Kabla ya sindano hata kijiko kilinishinda," Raili alisema ndani ya mvuke. Kisha akakaa wima. "Irja, umeniona na kosa kubwa."

Irja alishusha pumzi. Aliona kabisa kwamba mambo yamekwisha: mama huyu ameelewa, Jumatatu tangazo linafutwa, na sindano zinarudi.

"Mimi ni mgonjwa wa mia mbili na kumi na tatu," Raili alisema, "na sina baka. Nimepona. Nimekuwa nikitumia dawa kinyume cha kanuni. Asante sana kwa kuniripoti."

"Sijakuripoti, wewe mwanamke! Nakuambia usiiachie kengele..."

"Sheria isiponibana mimi, itambana nani?"

Jumatatu Mkurugenzi alijipima mbele ya mashahidi, akajipongeza kwa barua, akazirudisha sindano zake famasi. Yapo mataifa ambayo kiongozi wa namna hiyo angejengewa sanamu. Kivijoki waliona ni jambo la kawaida, wakaendelea na kahawa.

Irja alichoma sindano yake ya mwisho mwanzoni mwa Machi. Aprili goti la kushoto likaanza kuwasha. Kisha kiwiko. Mwishoni mwa Aprili aliamka na kidole cha kati kimevimba chote, kuanzia shina hadi kucha, kama soseji ya kuchoma, na alipokunywa kahawa alishika kikombe kwa viganja viwili. Aliogopa. Hakuogopa maumivu, hayo aliyazoea. Aliogopa mlango wa duka wenye karatasi isemayo Tumefunga. Tarehe tano Mei aliibandika karatasi hiyo kwa meno na kiwiko, akalia pale pale barabarani, na wapita njia wakatazama pembeni kwa heshima.

Kinyozi mwingine wa karibu alikuwa umbali wa kilomita arobaini. Kwa hiyo nywele za Ofisi zilianza kukua. Ndevu za Jouko zilifika kwenye tai, kisha zikaipita.

Rufaa mia mbili na kumi na mbili zilifika kwa wiki moja. Jouko alizipanga mezani kwa Mkurugenzi, kila moja na barua yake ya kukataa iliyokwisha chapwa, nakala tatu, ikisubiri saini tu. Raili alizitazama. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umelala juu ya meza na vidole vinne vilivyovimba, visivyokunjika.

"Nikuletee kalamu nene?" Jouko aliuliza.

Aliileta, ikaanguka. Wakajaribu kuifunga mkononi kwa utepe. Herufi ya kwanza ilichukua dakika nzima na kufanana na ramani ya ziwa. Jina kamili lilikuwa na herufi nyingi sana, na nakala zilikuwa mia sita na thelathini na sita.

"Tumia muhuri, Mkurugenzi."

"Kanuni yangu hairuhusu."

"Naibu wako..."

"Nilimfuta."

"Basi chukua likizo ya ugonjwa, waletwe watu wa kukaimu."

"Ugonjwa gani?" Raili alisema kwa uchungu. "Kwenye rejista nimepona."

Siku ya thelathini na moja, kwa mujibu wa utu, rufaa zote zilihesabiwa kuwa zimekubaliwa. Irja aliipokea barua yake, akaisoma mara tatu, akaenda famasi kwa miguu ingawa magoti yalimkataza. Alijichoma paja la kulia jikoni kwake, baada ya kusubiri nusu saa iliyokuwa ndefu kuliko Mei yote.

Wiki ya kwanza ya Julai vidole vyake vilianza kukunjika. Ijumaa ya wiki hiyo alimkuta Raili sauna, amekaa benchi la chini kabisa, ameinamisha kichwa. Mabaka yalikuwa yamemtapakaa mgongo hadi mapajani.

"Rufaa yako wewe imefikia wapi?" Irja aliuliza.

"Jouko aliirudisha mezani kwangu. Isiyo na saini ya mwombaji haipokelewi." Raili alionyesha mikono. "Asiyeweza kuandika anahitaji mashahidi wawili waliompima kwa macho yao. Nawaomba nyie wawili. Sijalala vizuri tangu Mei. Nimechoka, Irja."

"Panda huku juu tukuone," alisema Bibi Lempi.

Mkurugenzi alipanda polepole. Akasimama uchi mbele ya mawe, akageuka alivyoamriwa. Bibi Lempi aliushika mkono wa Raili mwenyewe, kwa upole ambao hakuna aliyejua anao, akawa anauweka juu ya kila baka na kuhesabu kwa sauti. Mgongo, viganja sita. Kiuno, viwili. Mapaja, vitatu.

"Kumi na moja," alisema. "Mwanangu, wewe ni mgonjwa."

"Kweli kabisa," alisema Irja. "Umevuka kumi, jalada linafunguka. Ila tuangalie historia. Sindano miaka mitano, na bado viganja kumi na moja. Kifungu cha saba, mwenzangu. Inaonekana haikukusaidia."

"Haikunisaidia?" Raili aling'aka hadi ndoo ikavuma. "Nilikuwa safi miaka mitano! Nilikuwa nasuka sweta! Haya yamenitoka kwa sababu nimeiacha, siyo kwa sababu haifanyi kazi! Hata mtoto wa chekechea angeona hilo! Ni mjinga gani aliyeandika kifungu hiki?"

Bibi Lempi alichota maji, akayamwaga kwenye mawe taratibu.

"Jina lake liko chini ya ukurasa," alisema Irja. "Kamili. Nakala tatu."

Kisha akajifunga taulo, akatoka kwenda kutafuta kalamu ya kuandika ushahidi, kwa kuwa kati ya wote watatu ni yeye tu aliyeweza kuishika na kuona anachoandika.